Kwa nini ECDIS inalia bila kukoma, na la kufanya kabla ya kufunga spika

Swali: "Mimi ni ofisa wa pili kwenye meli ya mizigo. Nimehamia meli hii hivi karibuni, na ECDIS yake (mashine ya chati za kielektroniki) ni ya mtengenezaji mwingine, si ile niliyoizoea. Tukikaribia pwani inalia bila kukoma. Wenzangu wanainyamazisha bila hata kutazama imeandika nini, na usiku spika hufungwa kabisa. Nilikuta kontua ya usalama (mstari wa kina unaotenganisha maji salama na ya hatari) imewekwa mita 30 ilhali drafti yetu, yaani kina cha meli kilicho ndani ya maji, ni mita 8.5. Nilipoibadilisha kuwa 11, skrini ikaonyesha kontua ya 20. Tena skrini imejaa namba na alama hadi meli yenyewe siioni, na kila ninachotafuta kimefichwa ndani ya menyu tatu. Nahodha anasema chati ya karatasi ilikuwa salama zaidi. Je, mashine imeharibika? Nizime kengele zipi, niache zipi? Na nitajuaje kwamba sasa naifahamu?"

Jibu: Kwa haya uliyoyaeleza, ndugu yangu, mashine haijaharibika. Hiyo 20 uliyoiona baada ya kuweka 11 ni mashine ikifanya kile kile ilichoundwa kufanya. Lakini pia usikubali mtu akuambie kwamba tatizo ni uvivu wako wa kujifunza. Mwaka 2021 taasisi za kuchunguza ajali za baharini za Uingereza na Denmark zilitoa utafiti wa pamoja kuhusu namna maofisa wanavyoitumia ECDIS wakiwa kazini, na malalamiko yaliyojaa humo ni hayo hayo yako: kengele zisizo na maana, menyu zenye mafumbo, skrini iliyojaa kupita kiasi.

Kelele unazozisikia zinatoka sehemu tatu zilizochanganyika. Kuna mipangilio uliyoirithi kwa waliokutangulia, kuna jinsi chati zenyewe zilivyochorwa, na kuna maamuzi ya mtengenezaji. La kwanza liko mikononi mwako na kwa nahodha. La pili huwezi kulibadilisha, ila ukilielewa unaweza kulizunguka. La tatu si kosa lako hata kidogo, na linatakiwa lifike ofisini.

Tuanze na ile 30. Mita 30 ndiyo thamani ambayo ECDIS hujiwekea yenyewe pale ambapo mtu hajaweka yoyote. Ukiikuta kwenye meli yenye drafti ya mita 8.5, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna aliyekaa akaikokotoa. Matokeo yake ni kwamba maji yote yenye kina chini ya mita 30 yanahesabiwa kuwa ya hatari, na ukikaribia pwani karibu kila mahali ni chini ya mita 30. Wenzako hawakuanza kupuuza kengele kwa sababu ni wazembe. Kengele iliwadanganya mara nyingi mno, wakaacha kuisikiliza.

Sasa ile 11 iliyogeuka 20. Chati ya ENC, yaani chati rasmi ya kielektroniki, haina kontua ya kila mita. Ina zile tu ambazo ofisi ya chati ilizichora, na mara nyingi ni mita 2, 5, 10, 20 na 30. Ukiomba 11, mashine inatafuta kontua hiyo, inaikosa, kisha inachukua inayofuata upande wa kina kirefu. Haiwezi kurudi 10, kwa sababu ingekuwa inakuambia kwamba maji ya mita 10 ni salama wakati umeiambia unahitaji 11. Kwa hiyo inaruka hadi 20, na inapofanya hivyo inatakiwa kukuonyesha taarifa kwenye skrini kwamba kontua imebadilishwa. Itafute taarifa hiyo. Kwenye mashine nyingi huwa maandishi madogo pembeni ambayo hakuna anayeyatazama.

Hapa pana kosa moja ninaloliona kwa maofisa wenye vyeti vyote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Watu huchanganya kontua ya usalama na kina cha usalama. Kontua ya usalama ndiyo inayogawa rangi ya maji na ndiyo inayopiga kengele. Kina cha usalama hakipigi kengele yoyote. Kazi yake ni kukoleza namba za vina: zilizo sawa na thamani uliyoweka au chini yake zinakuwa nyeusi nzito, zilizozidi zinabaki kijivu. Wala mashine haisomi zile namba moja moja ili ikuonye. Inaangalia maeneo yaliyo kati ya kontua na kontua. Namba ya 9.2 inaweza kuwa mbele ya omo lako, nyeusi tii, na mashine ikakaa kimya kwa sababu ulishavuka kontua ya 20 nusu saa iliyopita.

Na hapo ndipo hatari ya hali yako ilipo. Ukanda wa kati ya mita 10 na 20, ambao meli yako inaweza kupita sehemu yake kubwa, kwa mashine wote ni maji mabaya. Itakulilia ukiuingia. Ukishaingia, usitegemee kwamba itakulilia tena ukifika kwenye kontua ya mita 10. Tena miamba, mabaki ya meli na vizuizi vilivyo ndani ya ukanda huo havionyeshwi kwa ile alama ya duara la zambarau lenye msalaba, kwa sababu alama hiyo kwa kawaida ni ya hatari iliyojitenga ndani ya maji yanayohesabiwa kuwa salama. Mashine nyingi zina kitufe cha kuonyesha hatari zilizojitenga hata kwenye maji ya kina kifupi. Kiwashe kila unapopanga kupita ndani ya ukanda huo. Kwa maoni yangu hicho ni miongoni mwa vitufe vyenye thamani kubwa zaidi kwenye ECDIS nzima, na mara nyingi hukutwa kimezimwa.

Tufanye hesabu yenyewe, maana "weka 11" haitoshi bila kujua 11 ilitoka wapi. Drafti ni 8.5. Meli ikienda kasi kwenye maji ya kina kifupi inazama zaidi. Kadirio la haraka kwa maji ya wazi ni kuchukua mgawo wa umbo la meli (ule unaoandikwa Cb), kuuzidisha kwa kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) mara yenyewe, kisha kugawanya kwa 100. Tuseme Cb ni 0.75 na mwendo ni noti 9: 0.75 × 81 ÷ 100 ni kama mita 0.6. Kwenye mlango mwembamba gawanya kwa 50, inakuwa 1.2. Ongeza nafasi ambayo kampuni inataka ibaki chini ya mkuku. Tuchukue mita 1.5. Jumla kwa maji ya wazi ni 8.5 + 0.6 + 1.5 = 10.6. Hiyo ndiyo thamani ya kina cha usalama wakati maji yamekupwa hadi usawa wa chati (kiwango ambacho vina vya chati huhesabiwa kutoka hapo), na ukiikamilisha juu unapata 11 yako.

Ukitaka kupita juu ya mahali chati inaposema mita 10, huna budi kungoja maji yajae. Tuseme saa utakayopita maji yatakuwa mita 1.5 juu ya usawa wa chati. 10.6 − 1.5 = 9.1, kwa hiyo unaona kontua ya 10 inatosha. Ngoja. Fungua taarifa ya ubora wa vipimo vya eneo hilo, ile inayoitwa CATZOC. Eneo la daraja B lina uwezekano wa kukosea kina kwa mita 1 na asilimia 2 ya kina, yaani mita 1.2 kwenye maji ya mita 10, na mahali penyewe panaweza kuwa mita 50 kando. Sasa 9.1 + 1.2 ni 10.3. Ile kontua ya 10 imekataa tena. Ukisubiri maji yafike mita 2.0, hesabu inarudi 9.8, na sasa unaweza kuweka 9.8 na mashine ikatumia kontua ya 10 kihalali. Daraja A1 ingekugharimu mita 0.6 tu. Daraja C ni 2.5, na hapo kuliko kubishana na sentimita ni bora kutafuta njia nyingine. Uliza kwanza kama ile mita 1.5 ya kampuni tayari imejumuisha makosa ya vipimo, usije ukayahesabu mara mbili.

Thamani hiyo ya 9.8 ni ya sehemu hiyo na saa hiyo peke yake. Iandikwe kwenye mpango wa safari kwamba kuanzia nukta fulani hadi fulani, kati ya saa fulani na fulani, kontua ni 10, kisha inarudi 11. Nahodha aidhinishe, na ofisa wa pili na wa tatu wote waione. Thamani ya maji kujaa ikisahaulika kwenye mashine hadi maji yapwe, ni afadhali ile 30 uliyoikuta.

Pale ambapo huwezi kushusha kontua, yaani umebaki na 20 na unalazimika kupita ndani ya ukanda, chora mstari wako mwenyewe wa hatari. Kwenye sehemu ya ramani za mtumiaji, fuata namba za vina zilizo nyeusi, pitisha mstari upande wa nje wa kila iliyo chini ya 10.6, kisha uupe mstari sifa ya hatari ili mashine iuhesabu inapoangalia mbele. Si kila mtengenezaji anaruhusu, na mahali pa kuwasha hutofautiana, kwa hiyo jaribu mkiwa gatini: chora mstari mfupi mbele ya meli uone kama mashine inalia. Isipolia, mstari wako ni mapambo.

Njia nyingine ya kusaidia macho ni rangi nne za kina badala ya mbili. Weka kontua ya kina kifupi 9. Mashine itapaka rangi nzito maji yaliyo chini ya mita 10, rangi nyepesi zaidi kati ya 10 na 20, na tofauti tena kuelekea kina kirefu. Mchana utauona ukanda wako wazi kabisa. Usiku rangi hizo nne hukaribiana hadi zinapotea, na hapo mbili ni bora. Hapa mtu anachagua kulingana na zamu.

Sasa kuhusu kelele zenyewe. Chanzo kikubwa baada ya kontua ni eneo la kuangalia mbele, ile pembetatu au mstatili unaotangulia omo. Linapangwa kwa dakika au maili, pamoja na upana wake. Kwa noti 12, dakika 12 ni maili 2.4 za baharini. Bahari kuu hiyo ni sawa. Ukiingia nayo kwenye mlango wenye kona, litapita nchi kavu kila mnapogeuka, na mashine italia ikidhani mnakwenda kupanda mwamba. Pwani dakika 6 (maili 1.2) hutosha meli nyingi, na ndani ya mlango mwembamba dakika 3 au pungufu, upana ukiwa umebanwa kulingana na nafasi iliyopo kando. Usifupishe kwa kukisia. Angalia bango la uwezo wa meli lililobandikwa darajani, uone meli inahitaji umbali gani kugeuka au kusimama kwa kasi hiyo. Onyo linalokuja baada ya umbali huo kupita halina kazi.

Chanzo cha tatu ni maeneo maalumu: njia zilizotenganishwa, sehemu za kutia nanga, maeneo ya mazoezi ya kijeshi, nyaya za chini ya bahari, hifadhi, mashamba ya samaki, na mengine. Kiwango cha kimataifa kinaitaka mashine iyatambue, lakini kwa mengi kinaruhusu uchague kati ya kengele na taarifa ya macho tu. Pitia orodha nzima pamoja na nahodha. Kwa meli inayopita tu, eneo la kutia nanga halina haja ya kupiga kelele. Eneo lililokatazwa kuingia liache lilie. Hapo ndipo utapunguza sauti kwa nusu bila kupoteza chochote.

Zipo kengele zisizoguswa hata kidogo: kuvuka kontua ya usalama, kutoka nje ya njia, kukatika kwa chanzo cha mahali meli ilipo, na hitilafu ya mashine yenyewe. Na spika haifungwi. Nasema hivyo nikijua kwamba zamu ya saa sita usiku yenye mlio kila sekunde 40 inachosha akili kuliko dhoruba. Mwaka 2013 meli ya kemikali iitwayo Ovit ilipanda fungu la mchanga la Varne kwenye Mlango wa Dover. Njia ilikuwa imechorwa moja kwa moja juu ya fungu, na kengele ya sauti ya ECDIS haikuwa ikifanya kazi. Ofisa wa zamu alichukua dakika 19 kutambua kwamba meli imekwama. Maofisa wa meli ile walikuwa wamesomea ECDIS. Kwa hiyo ukikuta kelele hazivumiliki, rekebisha kinachozisababisha na uandike ulichorekebisha.

Kuhusu skrini iliyojaa. ECDIS ina viwango vitatu vya maonyesho. Cha msingi hakiondoleki lakini hakitoshi kuendeshea meli. Cha kawaida hurudi kwa kitufe kimoja. Kisha kuna mengineyo yote. Anza zamu kila siku kwenye kiwango cha kawaida, halafu ongeza unavyohitaji: karibu na pwani namba za vina na hatari za chini ya maji, kwenye msongamano wa meli ondoa maandishi na majina ili uone AIS (ishara za utambulisho za meli nyingine) na rada. Usifanye kinyume, yaani kuwasha vyote kisha kuondoa kimoja kimoja, maana hutajua umeondoa nini. Ukiondoa kitu kwenye skrini, kengele zake hazifi: mashine hukagua chati yenye maelezo mengi zaidi iliyonayo hata kama hukionyeshi. Mashine zenye kanuni mpya za maonyesho, toleo 4.0 lililolazimishwa mwaka 2017, hukiwekea rangi kile hasa kilichosababisha onyo. Angalia kwenye maelezo ya mfumo kama yako inayo. Bila hiyo, bofya mahali penyewe usome taarifa, kisha ndipo unyamazishe.

Jambo la skeli linawaponza wengi. Ukipunguza ukubwa wa chati, mashine huficha vitu vingi ili skrini isijae. Kila kitu kimepewa skeli yake ya kutoweka, inaitwa SCAMIN. Ukichora njia ukiwa umeiweka chati mbali, fungu la mchanga linaweza lisionekane kabisa. Ukikuza kupita skeli ambayo chati ilitengenezwa, mashine inatakiwa kukuonyesha kwamba umekuza kupita kiasi (wakati mwingine kwa mistari ya wima juu ya picha), nayo maana yake ni kwamba usahihi unaouona haupo. Ndiyo maana njia haikaguliwi kwa macho pekee. Iendeshe kwenye ukaguzi wa mashine, ukiwa umeweka upana halisi wa kando za njia, kisha upitie kila onyo moja moja na kila mguu wa njia ukiwa kwenye skeli kubwa. Desemba 2016 meli ya Muros ilikwama kwenye fungu la Haisborough, mashariki ya Uingereza, baada ya njia kubadilishwa safarini. Mabadiliko ya usiku, yanayofanywa na mtu mmoja aliye zamu, ndiyo yanayohitaji ukaguzi kuliko yote, na ndiyo yanayokaguliwa kidogo kuliko yote.

Mwangaza pia ni usalama. Badilisha rangi ya mchana, jioni na usiku kwa kitufe chake, usipunguze tu taa ya skrini ukiwa kwenye rangi ya mchana. Kuna alama ndogo ya kupimia, mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, rangi zake zikikaribiana sana. Rekebisha hadi mraba wa ndani uonekane kwa shida. Usipouona kabisa, basi na mambo mengine yaliyofifia ya chati yamepotea machoni pako.

Umesema kila kitu kimefichwa ndani ya menyu tatu. Ni kweli, na sababu ni kwamba kwa miaka mingi kiwango kilisema mashine ifanye nini, si kitufe kiwe wapi. IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, ilitoa mwongozo wa kuzifanya zifanane mwaka 2019, maarufu kama S-Mode, unaohusu alama, majina ya vifupisho na vitendo vinavyotakiwa kufikiwa haraka. Lakini unagusa vifaa vilivyofungwa kuanzia 2024, na meli nyingi zinazoelea leo zina mashine za kabla ya hapo. Usitarajie msaada huo kwenye meli yako. ECDIS za kizazi cha chati za S-100, zilizoruhusiwa tangu Januari 1, 2026, zitaweza pia kusoma ramani za kina zenye vipimo vingi, na pale zitakapopatikana ile ruka-ruka ya 10 na 20 itapungua. Nazo zitakuja na menyu zake.

Kwa hiyo jifunze kwa vitendo, si kwa kusoma mwongozo wa kurasa 400. Mkiwa gatini, kaa kwenye mashine ya akiba ambayo haiendeshi chochote, na ufanye haya mpaka mkono uende wenyewe: kurudi kwenye maonyesho ya kawaida, kubadilisha kontua na kina cha usalama, kuhamisha chanzo cha mahali kutoka GPS ya kwanza kwenda ya pili, kuweka mahali pa meli kwa dira na umbali wa rada, kufunika picha ya rada juu ya chati, kusoma taarifa ya kitu kilicho chini ya kishale, kubadilisha rangi ya usiku, kuona chati gani hazijasasishwa, kukagua njia, na kuhamia mashine ya pili ikiwa ya kwanza imezimika. Kipimo changu ni sekunde 10 kwa kila kimoja, taa zikiwa zimezimwa, bila kufungua menyu isiyohusika. Unachokosea mara mbili kiandike kwenye kadi moja ya plastiki iliyobandikwa kando ya skrini: majina ya menyu kama yalivyo kwenye mashine yako, kwa mpangilio. Ukifaulu vyote, unaifahamu. Na usijaribu kipya ukiwa zamu kwenye maji yenye msongamano. Mtu anayetafuta menyu haangalii dirishani.

Kwa nahodha wako, nina neno la heshima. Ana haki kwa jambo moja: karatasi ilimlazimisha ofisa kuthibitisha mahali meli ilipo kwa mkono wake, na kazi hiyo ikazaa mazoea mazuri. ECDIS inaweka alama ya meli pale GPS inaposema, kwa uhakika wa kupotosha. Mwaka 1995 meli ya abiria Royal Majesty ilikwama karibu na Nantucket, Marekani, baada ya waya wa antena ya GPS kuchomoka. Kifaa kilihamia kwenye kukadiria mahali kwa kasi na mwelekeo, na kwa takriban saa 34 hakuna aliyegundua. Ilikuwa imekengeuka kama maili 17. Siku hizi kuna pia kuvurugwa kwa ishara za GPS kwa makusudi. Lakini jibu si kurudi karatasini. Ni kuendelea na kazi ile ile juu ya skrini: kila muda uliopangwa chukua dira ya vitu viwili vya nchi kavu au umbali wa rada kwa kitu kisichohama (boya halifai, huburuzwa na mkondo), uviweke kwenye ECDIS uone kama vinakubaliana na GPS. Funika picha ya rada juu ya chati. Mwambao wa rada ukiwa umejitenga na mwambao wa chati, kitu hakiko sawa. Linganisha kipima kina na kile chati inachosema. Vyote vinachukua dakika mbili.

Mengine huwezi kuyamaliza mwenyewe. Spika ikiwa haitoi sauti hata baada ya jaribio la kengele, mashine mbili zikionyesha mipangilio tofauti ambayo haisawazishwi, alama ya meli ikiruka bila sababu, sasisho za chati zikikataa kuingia, au betri ya dharura ikishindwa kubeba mashine umeme ukikatika: mwambie nahodha siku hiyo hiyo, iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu, na mafundi walioidhinishwa na mtengenezaji waitwe bandari inayofuata. Usifungue mashine wala kuweka programu kwa USB ya mtu.

Na kama ulipandishwa zamu bila kuelekezwa mashine hii hasa, jambo hilo lina msingi wa kisheria. Cheti cha kozi ya jumla ya ECDIS hakikufanyi uifahamu kila aina. Kanuni za ISM, zile za kimataifa za usimamizi wa usalama wa meli, zinaitaka kampuni ikuelekeze vifaa vya kazi yako mpya, na wakaguzi wa bandari huuliza. Omba kwa nahodha mafunzo ya aina hiyo ya mashine. Yakichelewa, mwandikie mtu wa kampuni aliyeteuliwa nchi kavu kwa ajili ya usalama, ukimtajia kengele zipi zinalia, mara ngapi kwa saa, wapi, na mipangilio iliyokuwepo. Barua yenye hesabu hizo inasomwa tofauti na ile inayosema tu kwamba mashine inasumbua. Picha ya skrini ya ile 11 iliyogeuka 20, pamoja na maelezo ya sababu, itawafaa pia maofisa wa meli nyingine za kampuni yenu wenye mashine kama hiyo.